Mume Wangu Hakuwa Hirizi ya Mtu

Hapa Portarroch husemwa mambo mawili kuhusu mume wangu, na yote mawili ni uongo. La kwanza ni kwamba asubuhi ile ya Jumatatu, boti iitwayo Shilo ilipoondoka, Dod alikataa kukunja uso, na kwa sababu hiyo bahati ikawatoroka. Hili husemwa na watu wazima wanaokwenda kanisani. La pili ni kwamba alijua boti imeharibika tumboni akanyamaza, asije akaonekana mlalamishi. Hili husemwa na wageni, na watu wa hapa huliacha lipite kwa kuwa linawafaa.

Sikuzoea kujibu maneno ya gatini. Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya bara, kule kwenye mashamba ya nafaka, na alitulea tukijua kwamba mtu mwenye heshima zake hakimbizani na maneno ya watu. Lakini Dod hakuacha mtoto wa kumsemea, na mama yake amekwisha kufa. Nimebaki mimi. Nitasema mara moja, kwa utaratibu, na atakayetaka kuamini na aamini.

Lazima nianze na jina.

Kijijini kwetu karibu kila mtu ni Mair. Nilipokuja kufundisha hapa, siku ya kwanza niliita George Mair na nusu ya darasa ikasimama. Ndiyo maana kila ukoo una jina la pili, la kupachikwa, na jina hilo si utani tu. Posta wanalitumia, kanisa linalitumia, hata mawe ya makaburini yanalo. Kuna Mair Bobbin, kuna Mair Latta, kuna Mair Bosun. Mume wangu, George ambaye wote tulimwita Dod kwa kifupi, ukoo wake ni Mair Girn.

Girn ni neno letu la kale. Ni kukunja uso na kulalama, vyote kwa pamoja. Mtoto anayeota meno hupiga girn. Mzee asiyeridhika na supu hupiga girn. Kwetu bara, siku ya gulio la kuajiri vibarua, wanaume walikuwa wakiingiza vichwa katika ile pete kubwa ya ngozi anayovikwa farasi shingoni, wakishindana nani ataweza kuuharibu uso wake zaidi ya wenzake, na hiyo nayo ilikuwa girn. Baba, aliyependa maneno kama wengine wanavyopenda kufuga njiwa, alisema kwamba hapo zamani neno hili lilikuwa na maana ya kuonyesha meno, basi. Mbwa akitishia, mtu akiumia, mgonjwa akikata roho. Waingereza walio kusini yetu walikuwa nalo neno hilo hilo, ila kwao lilizidi kulainika miaka ikipita, mpaka likawa tabasamu. Kwetu halikulainika.

Baba alimweleza Dod haya siku ya kwanza nilipompeleka nyumbani, nadhani kwa nia ya kumpima. Dod alisikiliza mpaka mwisho, uma mkononi.

"Kwa hiyo, mwalimu, neno ni moja?"

"Neno ni moja."

"Wao wakachukua kicheko, sisi tukaachiwa maumivu."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Kawaida yao," Dod akasema, akaomba kiazi kingine.

Baba alicheka mpaka akavua miwani. Baadaye, tukiosha vyombo, aliniambia, "Kijana ana akili. Lakini unaolewa na jina pia, Elspet, si na mtu peke yake. Na watu wa pwani wakishakupa jina hawakunyang'anyi."

Niliona ni maneno ya mzazi. Hazikupita wiki nyingi baada ya harusi nikaenda dukani kwa Nan Reid kuchukua kifurushi changu.

"Kifurushi cha Bi. Mair," nikasema.

"Bi. Mair yupi?"

"Mke wa George."

"George yupi, mwalimu?"

"Nan, unanijua vizuri."

"Mimi nakujua. Kifurushi ndicho kisichokujua." Akachukua penseli, akaandika Girn juu yake mbele ya macho yangu, kisha akanipa.

Chanzo cha jina nilikipata kwa mama mkwe wangu, Jessie, ambaye alikisimulia kwa fahari kama wengine wanavyosimulia medali za vita. Zamani za babu wa babu yake Dod, samaki wa heringi walitoweka msimu mzima, na watu wakasema kijiji kimeingiwa na mkosi. Ilikuwa desturi ya pwani hii, mkosi ukizidi, kumchukua mtu mmoja, kumvika shati la sufu lililobandikwa kila mahali vile vijitunda vya miiba vinavyong'ang'ania nguo, kisha kumbeba kwenye machela kupita mitaa yote, ili mkosi umnase yeye. Walimchukua fundi mmoja wa mapipa, Alexander Mair. Miiba ikapenya shati. Kila machela ilipotikisika alikunja uso na kulalama, na watu wakacheka, na kadiri alivyolalama ndivyo walivyozidi kucheka. Wiki ile ile heringi wakarudi.

"Walirudi kwa ajili yetu, mwanangu," Jessie alisema.

"Walirudi kwa sababu maji yalibadilika, mama."

"Na maji yalibadilishwa na nani?"

Nikamkatia mkate.

Miiba iliachwa tangu zamani. Wachungaji waliikemea, na nguo za sufu zikapanda bei. Kilichobaki ni uso. Boti iliyokuwa na mtu wa ukoo wa Girn ilihesabiwa kuwa na bahati, na Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua kamba, mtu huyo alitakiwa asimame gatini, aukunje uso na kulalamikia jambo lolote. Chai ni ya moto. Buti zimebana. Mke hakumpa soksi kavu. Wenzake wakicheka, safari imefunguliwa. Asipolalama, hawaondoki. Baba yake Dod aliifanya kazi hiyo maisha yake yote, na Dod akaanza angali shuleni, kwenye boti ya mjomba wake, kabla sauti haijavunjika.

Nataka ieleweke mume wangu alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu wanaomsema hawakuwahi kuishi naye. Nyumbani hakulalamika. Alikula nilichompikia, na katika mwaka wetu wa kwanza hilo lilihitaji moyo. Mlango wa ghala ulipombana kidole alipiga mluzi, basi. Aliimba sauti ya chini kanisani. Saa za majirani zikisimama zililetwa kwetu, na kwa hiyo sebuleni mwetu mara nyingi zilikuwepo saa kadhaa, kila moja ikisema lake. Alikuwa fundi injini. Wakati wa vita alifanya kazi chini kabisa, kwenye injini za meli za kivita, na huko hakuna aliyemwita Girn kwa sababu hakuna aliyejua. Aliniambia ile ndiyo miaka pekee aliyopumzika, na watu walikuwa wakimrushia mabomu.

Baada ya vita akaajiriwa kwenye Shilo, boti ya Joseph Mair Bobbin.

Sitamtukana Joseph. Si mlevi, si mwongo, na alimpenda mume wangu. Shilo ilikuwa boti ya baba yake, na alipoirithi aliitia injini mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza, ili ivute nyavu za kisasa. Kila mtu aliisifu. Dod naye aliisifu, kwa muda. Kisha akaanza kurudi nyumbani akiwa kimya kuliko kawaida yake, na nilipomuuliza akasema pampu inafanya kazi sana.

"Sana maana yake nini?"

"Maana yake maji yanaingia sana."

Injini ilikuwa ikiitikisa boti kupita nguvu zake. Chini, karibu na mkuku, ule mti mkuu wa chini ya boti, ubao mmoja ulikuwa umeanza kuachana na mwenzake, na kalafati, ile pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, ilikuwa ikitoka kidogo kidogo. Mahali pale palikuwa nyuma ya injini, na hapakufikiwa na mtu ila yeye. Alipakagua, alipaziba, alipazibua na kupaziba tena. Alisema ubao ule unahitaji kutolewa, boti ikiwa nchi kavu, na injini ipunguzwe au iondolewe.

"Mwambie Joseph," nikasema.

"Nitamwambia Jumatatu."

Na akamwambia. Hayo niliyasikia kwake, na baadaye Wattie Latta, aliyekuwa baharia wa Shilo, akanithibitishia neno kwa neno. Dod alisimama gatini, wenzake wakimngoja kama kawaida, akasema, "Joseph, ubao wa chini umeachia. Boti hii haifai kwenda baharini mpaka utengenezwe."

Joseph alimtazama, kisha uso wake ukafunguka. "Mmesikia hiyo? Leo hakugusa hata chai. Ameanza na boti yenyewe."

"Nasema kweli."

"Si ndiyo utamu wake? Sema tena, na nyusi."

"Joseph, maji yanaingia."

"Yanaingia," Wattie akadakia, "na buti zinabana, na mama mkwe anakoroma." Wakacheka wote, wakafungua kamba. Wiki ile walirudi na samaki mpaka sitaha ikajaa. Joseph alimpiga Dod begani mbele ya mnada mzima wa samaki na kusema kwamba haijawahi kutolewa girn kama ile tangu enzi za fundi wa mapipa.

Dod alikaa mezani kwetu, supu ya samaki wa moshi ikipoa mbele yake.

"Nimewaambia tunazama," akasema. "Wakanipigia makofi."

Hapo ndipo nilipoielewa hali yenyewe. Mtu mwingine yeyote wa Portarroch angesema maneno yale, wangeshuka chini na taa kutazama. Akisema Girn, ni bahati. Na jinsi jambo lilivyokuwa zito, ndivyo walivyoona bahati ni kubwa.

Nilimwambia tumwite mkaguzi kutoka mjini. Alitikisa kichwa. Alisema mkaguzi atakuja, atamuuliza nahodha nani kalalamika, nahodha atamwambia ni Girn na kumweleza kisa cha miiba, na wote watakunywa chai na kucheka. Nilijua ni kweli. Nilikuwa nimewaona wakaguzi wa shule wakipokelewa hivyo hivyo.

"Ni huu uso," akasema. "Wakiuona, masikio yanafunga."

Basi nikaamua kumfundisha. Sioni aibu kulisema. Ndiyo kazi niliyosomea. Nilimsimamisha mbele ya kioo cha chumbani, mikono chini, kidevu kimetulia, nikamwambia aseme habari ya ubao kama mchungaji anavyosoma matangazo ya wiki. Alijaribu.

"Dod, umekunja."

"Sijakunja."

"Nyusi zimepanda."

"Zimezaliwa zimepanda. Tazama picha ya baba."

Tulirudia kila jioni. Uso uliozoezwa jambo moja tangu utotoni haukubali kwa urahisi, lakini alikuwa mvumilivu, na mwishowe akaweza kusema kila kitu, toka mkuku hadi pampu, bila mshipa kucheza. Alionekana kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilimwambia hakuna atakayeweza kumcheka akiwa hivyo.

Jumapili, baada ya ibada, akavaa suti yake nyeusi tukaenda wote wawili nyumbani kwa Joseph. Mkewe, Bella, alitukaribisha sebuleni na kuleta vikombe vya wageni. Dod hakukaa. Alisimama kwenye zulia akasema kila kitu, taratibu, kwa sauti ya matangazo. Ubao, kalafati, injini, maji. Alisema kwamba pampu ikisimama kwa muda wa mtu kunywa chai, boti haitafika nyumbani. Alipomaliza, Joseph aliweka kikombe chake chini. Nikadhani tumefika.

Bella ndiye aliyeanza, kwa pua. Alijaribu kuzuia akashindwa. "Nisamehe, shemeji," akasema, akijifuta macho. "Ni hiyo suti. Girn ya Jumapili. Sijawahi kuiona."

"Bella," nikasema, "hakuna mzaha hapa."

"Najua, mwalimu, najua. Ndiyo inachekesha."

Joseph hakucheka. Alikuwa na wasiwasi, nami niliuona, na kwa dakika ile moja nilimheshimu. Kisha nikatambua wasiwasi wake ulikuwa wa nini. "Dod, ndugu yangu," akasema, "usiimalize yote hapa sebuleni. Ibakize ya kesho."

Tulirudi nyumbani kwa njia ya juu, mbali na bandari. Dod alifungua kola ya shati. "Walau chai yao nzuri," akasema.

Kesho yake hakwenda. Alibaki kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na alipokuja mtu kugonga alimwambia kupitia dirishani kwamba hatapanda Shilo tena mpaka ubao utolewe. Joseph alimchukua mpwa wake kuangalia injini, wakaondoka bila Girn. Hali ya hewa ilikuwa shwari, na bahati mbaya ya mume wangu ni kwamba boti haikuzama. Ilirudi. Ilirudi na visanduku vichache, nyavu zimechanika kwenye mwamba, na mpwa kaunguza mkono kwenye bomba la injini.

Wanawake wakaanza kuja. Hawakuja kwa ugomvi. Walileta mayai, wakauliza afya yake, wakataja watoto wao. Jessie alikuja pia, akaketi kwenye kiti cha mwanawe bila kuvua kofia.

"Baba yako alikwenda na homa," akamwambia.

"Baba boti yake ilikuwa nzima, mama."

"Watu hawa wametubeba miaka yote."

"Walitubeba kwenye machela, mama. Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia."

Jessie aliirekebisha kofia yake. Sijui kama lilimwingia. Alipoondoka alimshika shavu, akasema, "Una uso wa kwetu," akaenda zake.

Dod akakaa siku nzima akitengeneza saa ya Nan Reid, ambayo haikuwa mbovu. Jioni aliniambia anarudi.

"Usiende," nikasema.

"Wataenda nisipokwenda."

"Waende."

"Yule mpwa hajui ubao uko wapi. Hajui pampu inavyokwama wala inavyobembelezwa. Nisipokuwepo watazama siku ya kwanza ya mawimbi, wote watano. Nikiwepo, angalau pampu ina mtu."

"Na wewe je?"

Alifikiri, kama alivyofikiria kila swali. "Mimi nitakuwa chini," akasema.

Nilibishana naye mpaka nikaishiwa na maneno, na sikuzoea kuishiwa. Hakukasirika. Alisema nikipata hoja nzuri zaidi nimwambie, kisha akapanda kulala.

Jumatatu ile nilikwenda gatini, kwa hiyo hapa sielezi ya kusikia. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa kuwa walijua Girn anarudi. Mwezi wa Machi, baridi, hakuna upepo. Dod alisimama mahali pake. Hakukunja uso. Wanaosema hakukunja wanasema kweli kwa hilo moja. Aliuweka uso kama nilivyomfundisha, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia mpaka kwenye mnada, "Boti hii itazama. Sisemi kwa mchezo. Yeyote mwenye mke na ashuke."

Hakuna aliyecheka. Waliutazama uso wake, wakangoja. Niliwaona wakingoja nyusi. Mwanamke mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Mbona hamalizii?" Wattie Latta akatazama buti zake.

Najua sasa kwamba kulikuwa na nafasi pale, ndogo. Wangeweza kushuka. Wasingeshuka kwa sababu ya ubao, la. Wangeshuka kwa hofu ya kwamba bahati haikufunguliwa. Lakini Joseph aliiona hofu hiyo kabla haijaota mizizi, akawahurumia watu wake. "Kakunja moyoni," akasema kwa sauti. "Nimeona mimi. Huko ndani kanuna kama mtoto wa meno." Mtu mmoja akacheka kwa kufarijika, na wengine wakafuata. Dod akanitazama kidogo, akashuka kwenye injini. Kamba zikafunguliwa.

Boti ilizama siku ya tatu, bahari ikiwa tulivu, nchi ikionekana. Hakukuwa na dhoruba ya kulaumiwa. Ubao ule ukatoka mzima. Wattie aliniambia Dod aliita kutoka chini kwamba waite boti nyingine na washushe mtumbwi, na kwamba yeye atabaki na pampu. Pampu waliisikia ikifanya kazi muda wote walipokuwa wakishusha mtumbwi, na waliendelea kuisikia walipokuwa wamekwisha kuingia. Joseph alimwita mara nyingi. Wattie anasema Dod alijibu mara moja, lakini kwa sababu ya injini hawakusikia alichosema. Kisha Shilo ikainamisha kichwa. Wanne walichukuliwa na boti ya jirani kabla hawajalowa magoti. Mume wangu hakupatikana.

Kulikuwa na uchunguzi mbele ya hakimu, mjini. Nilikaa mstari wa mbele, nimevaa nguo zangu za msiba. Hakimu alikuwa mtu wa adabu, kutoka mbali. Alimuuliza Joseph kama fundi injini aliwahi kulalamika juu ya hali ya boti.

Joseph alikuwa akilia wazi, hajifichi. "Alilalamika kila wiki, mheshimiwa," akasema. "Ndiyo kazi tuliyompa."

Hakimu akauliza maana yake. Joseph akaeleza. Alieleza vizuri, tangu fundi wa mapipa na miiba, na ukumbini watu wawili watatu wakashindwa kuzuia tabasamu. Hakimu akauliza swali moja zaidi. Je, kulikuwa na tofauti yoyote kati ya malalamiko yale na mengine?

Joseph alifikiri kwa uaminifu. "Yalikuwa mazuri zaidi," akasema.

Uamuzi ulisomwa mchana. Ulisema haikuthibitika kwamba nahodha alipewa onyo la wazi. Gazeti likachapa sentensi hiyo moja, na hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa uvumi wa kwamba Dod alinyamaza. Nilitaka kusimama niseme. Karani aliniambia kwa upole kwamba mjane hakuitwa kama shahidi.

Jessie alikufa kabla ya mavuno. Kwenye jiwe la watu waliopotea baharini walitaka kuchonga jina la Dod na Girn, ili ajulikane ni George Mair yupi. Nilikataa. Wakasema basi hatajulikana. Nikasema wanaomjua wanamjua. Limechongwa George Mair tu, chini ya George Mair wengine wawili, na wageni wakiuliza huambiwa ni yule Girn.

Sasa Joseph ana boti mpya. Jumamosi moja Bella alinijia na wanawake wawili, akiwemo mke wa Wattie. Sikuwakaribisha ndani. Walisimama kwenye upepo, vitambaa vimefungwa kidevuni.

"Mwalimu, tunajua ni vigumu," Bella akasema.

"Nini hicho?"

"Boti inatoka Jumatatu, safari ya kwanza. Na ukoo umeisha. Jina unalo wewe peke yako sasa."

"Sema unalotaka, Bella."

"Uje gatini. Kidogo tu. Si lazima useme kitu, ni uso tu. Wanaume wana hofu. Wana watoto."

Nikamjibu. Nilimwambia kwamba mume wangu aliwaambia ukweli kwa heshima, akiwa amevaa suti, kwenye zulia lake, naye akacheka. Nilimwambia kwamba waume zao wako hai kwa sababu ya pampu na si kwa sababu ya uso wa mtu, na kwamba Dod hakuwa hirizi ya mtu wala mimi si hirizi, na kwamba wakija tena na ombi hilo nitawaitia polisi. Nilisema mengi. Upepo ulikuwa baridi na nilikuwa na hasira, na sikujizuia kama nilivyolelewa.

Walisikiliza mpaka mwisho, kwa makini kuliko walivyowahi kunisikiliza. Bella alikuwa akitazama uso wangu, mdomo kwanza, kisha nyusi. Nilipomaliza aligeuka akawatazama wenzake, na nikaona mabega yao yameshuka, kama watu waliotua mzigo.

"Ahsante, mwalimu," akasema kwa upole. "Imetosha."

Wakaondoka wameshikana mikono.

Boti ilitoka Jumatatu, na nasikia ilirudi imejaa. Niliyotaka kuyasema nimeyasema. Asije mtu kuniuliza zaidi, kwa maana sitajibu.